Maranda, kitambaa au foomu: tulivyochagua cha kufunikia theluji ikae kiangazi kizima

Nikisema huku tunatunza theluji kuanzia Machi mpaka Oktoba, watu wa nyumbani wanauliza hilo friji lina ukubwa gani. Hakuna friji wala umeme. Ni rundo la theluji limekaa nje, Juni yote, Julai yote, Agosti yote, jua linalipiga na mvua inalinyeshea, na kilichopo katikati ya theluji na hali ya hewa ni funiko tu. Ukichagua funiko sawasawa Oktoba una njia ya watoto kuteleza, ukichagua vibaya una dimbwi na bili ya umeme ya wakati wa baridi mlipokuwa mnatengeneza hiyo theluji kwa mashine.

Naishi Jämtland, Uswidi, latitudo ya 63 hivi. Binti yangu aliingia klabu ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ya pale kijijini, na klabu ndogo za huku zinaendeshwa na wazazi, hakuna mtu wa kuajiriwa, kwa hiyo mzazi ukishaonekana unajua kuendesha mtambo unawekwa kwenye kikundi cha theluji. Mimi kazi yangu ni mitambo. Nikaingia, na miaka yote hiyo kitu kilichonishika kuliko vingine ni hiki cha kufunika, kwa sababu ndo mahali ambapo fizikia, hela na jasho la watu vinakutana, na ndo mahali watu wanapodanganyika kirahisi na brosha.

Kama unaishi Uswidi, Norwei, Ufini, Kanada au kaskazini ya Marekani na klabu yenu inafikiria jambo hili, haya ndo niliyoyaona.

Kwanini watu wanahangaika? Majira ya baridi yanachelewa kuanza na yana tabia ya kuanza halafu yanakata. Wanamichezo wanataka kuteleza Oktoba na Novemba. Östersund hapa jirani yetu wanatoa njia ya theluji iliyotunzwa mwanzoni mwa Novemba, mji ule unaandaa mashindano makubwa ya skii na kulenga shabaha, hawawezi kubahatisha. Vuokatti kule Ufini wanafungua Oktoba. Davos, Uswisi, nao mwisho wa Oktoba. Canmore kule Alberta, Kanada, wamekuwa wakifanya tangu 2009 na njia yao inafunguliwa katikati ya Oktoba. Wote hao wana bajeti, sisi tuna wazazi na kijiko cha kuazima, ule mtambo wa kuchotea, lakini theluji haijui tofauti hiyo, inayeyuka kwa sheria zilezile.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu utachagua kwa macho. Njia ya kilomita 1, upana mita 5, unene sentimita 40, inakula mita za ujazo 2,000. Hizo unazitaka ziwepo Oktoba, siyo Machi. Ukijua utapoteza asilimia 30 njiani, Machi inabidi ulundike karibu 2,900. Ukipoteza nusu, inabidi ulundike 4,000. Ile tofauti ya 1,100 ni usiku kadhaa wa mizinga ya theluji, zile mashine zinazorusha maji hewani yakageuka theluji, ikinguruma, maji, umeme, dizeli, na wazazi ambao asubuhi wanatakiwa kazini. Kwa hiyo bei ya funiko usiipime yenyewe peke yake, ipime na theluji ambayo hutalazimika kuitengeneza tena.

Na theluji yenyewe siyo ileile. Iliyotoka angani ikiwa mpya mita moja ya ujazo inaweza isifike hata kilo 100, upepo mtupu. Ya mizinga inafika kilo 400 mpaka 600, na ukiilundika huku mtambo unapita juu yake inashindiliwa zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyoko kwenye sifuri kunataka kilojuli 334, yaani rundo zito linahitaji joto jingi sana ili liishe. Kabla hujabishania funiko hakikisha unachofunika ni kizito, maana kufunika theluji laini kwa gharama kubwa ni kuhifadhi hewa.

Sasa mezani kwetu kulikuwa na vitu vinne. Maranda, yale ya msumeno, yaani vumbi la mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo, huku viwanda hivyo viko kila upande. Chenga za mbao, vipande vikubwa kidogo vinavyotoka kwenye mashine ya kusaga matawi. Kitambaa kizito cheupe cha jiotekstaili, cha aina ile inayotandikwa chini ya barabara na kwenye mitaro. Na mbao za foomu, zile ngumu za kuzuia joto kwenye nyumba, zilizounganishwa kama mkeka mkubwa. Kulikuwa na mtu pia alileta turubai la plastiki lenye uso wa kung'aa, akasema linatosha lenyewe.

Mzee mmoja wa kijijini, ana miaka mingi, ndo aliyetuuliza swali la maana kwenye kile kikao. Yeye alikulia shamba la ng'ombe, na zamani mashamba ya huku walikuwa wanakata mapande ya barafu ziwani wakati wa baridi, wanayapanga nje, wanafunika na maranda, na barafu hiyo inapoza maziwa kiangazi chote mpaka friji zilipokuja. Kwa hiyo kwake hili la kutunza barafu siyo teknolojia mpya hata kidogo. Akasema hivi, kabla hamjaniambia mnataka funiko gani, niambieni joto linaingia kutoka wapi pale kwenu. Watu wakanyamaza kidogo. Nikaenda nyumbani na swali hilo, na nikiri kwamba kila nilichojifunza baadaye kimekuwa ni jibu la swali lake.

Joto linaingia kwenye rundo kwa njia tatu kubwa. Jua moja kwa moja. Hewa ya joto inayopita juu. Na unyevu wa hewani, huo ndo watu wanausahau. Ardhi ya chini nayo inatoa joto lakini kidogo, na baada ya wiki kadhaa inapoa.

Utauliza mvua je. Kila mtu anaogopa mvua. Piga hesabu: milimita 20 za mvua yenye nyuzi 10 zikianguka kwenye mita moja ya mraba ni kilo 20 za maji, zikipoa mpaka sifuri zinatoa kama kilojuli 840, hizo zinayeyusha kilo 2 na nusu za theluji. Kwenye rundo lililoshindiliwa hiyo ni kama nusu sentimita ya unene, haifiki. Mvua kubwa kabisa ya siku nzima! Madhara ya mvua ni mengine, inachimba vijito kwenye funiko, inahamisha maranda yanateleza chini, inaacha kiraka kitupu, na jua la kesho yake ndo linamalizia kazi. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa usihuzunike, chukua reki uende ukazibe.

Unyevu ndo mambo mengine kabisa. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji juu ya kitu cha baridi inaachia kilojuli kama 2,500. Gawanya kwa 334 unapata 7.5. Yaani kilo moja ya umande inayeyusha kilo 7 na nusu za theluji. Usiku wa Julai wenye joto, hewa nzito, upepo kidogo kutoka kusini, hakuna hata tone la mvua, hapo rundo linaumia kuliko siku ya mvua. Lakini namba hiyohiyo inafanya kazi kinyume pia na hapa ndo maranda yanapoonyesha uwezo wake. Theluji ikiyeyuka kidogo chini ya maranda, sehemu ya maji yanafyonzwa kupanda juu, yanafika kwenye uso wenye jua na upepo, yanakauka. Kila kilo inayokauka inabeba joto ambalo lingeyeyusha kilo 7 na nusu. Ni mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, unavuja jasho nje na ndani maji yanapoa. Maranda hayazuii joto tu kama blanketi, yanalirudisha.

Kwa hiyo maranda yenye unyevu siyo maranda yaliyoharibika. Wazazi wengine walikuwa wanataka tuyafunike na turubai yasilowe. Turubai lisilopumua linaua huo mtungi, maji hayakauki popote, na kama lina rangi ya bluu au nyeusi ndo kabisa, linapata moto na kuupeleka chini. Yule bwana wa turubai la kung'aa tulimsikiliza kwa heshima, tukamwambia hapana kwa sehemu yetu, upepo wa huku ni mkavu wa kutosha, tunataka uso upumue.

Lakini ona jinsi mahali panavyobadilisha jibu. Craftsbury, Vermont, kule Marekani, latitudo 45 na mita 360 tu juu ya bahari, kiangazi chao kina unyevu mwingi sana. Watafiti wa kule walijaribu mafuniko tofauti kwenye marundo madogo ya mita za ujazo 200 na wakachapisha matokeo 2019. Lililoshinda lilikuwa la tabaka tatu: blanketi la foomu chini, la aina ile ya kufunikia zege linapokauka, juu yake chenga za mbao zilizolowa, na juu kabisa shuka la kurudisha mwanga. Shuka lilelile ambalo mimi nalikataa Jämtland lina kazi ya kweli kule, maana kwenye hewa iliyojaa mvuke kukauka ni kidogo, basi bora ulizuie jua lisifike kabisa. Halafu 2019 wakalundika rundo kubwa la mita za ujazo 9,300 na kama asilimia 60 ikafika majira ya kupukutika majani. Kwa mahali pa chini vile na joto lile hayo ni matokeo makubwa, nawaheshimu sana.

Davos na Martell nayo inafundisha. Watafiti wa Uswisi walipima kiangazi cha 2015, sehemu zote mbili walifunika na maranda sentimita 40. Davos ilibaki karibu robo tatu ya theluji, Martell, ambayo iko Italia kaskazini, ikabaki kama theluthi mbili. Funiko lilelile, unene uleule, sehemu mbili, matokeo mawili. Ndo maana mtu akiniambia bidhaa fulani inatunza asilimia 80 namuuliza wapi, mwaka gani, rundo la ukubwa gani.

Ukubwa! Hili nalisisitiza kwa klabu ndogo. Sisi tulijaribu virundo vidogo pembeni, kimoja maranda sentimita 20, kingine 40, kingine kitambaa cheupe tu, kingine vipande vya foomu vilivyobaki kwenye ujenzi wa mtu. Vyote vilikwisha mapema, hata kile bora, na wengine wakakata tamaa wakasema huku haiwezekani. Siyo kweli. Rundo likiongezeka urefu, upana na kimo mara mbili, uso unaongezeka mara 4 na ujazo unaongezeka mara 8. Joto linaingia kwa uso. Kwa hiyo jaribio dogo linakwambia funiko gani linashinda jingine, hilo ni la kweli na linafaa sana, ila halikwambii asilimia ngapi itabaki kwenye rundo kubwa. Kile cha sentimita 40 kilidumu muda mrefu zaidi kuliko cha 20, kitambaa peke yake kilikuwa cha kwanza kuonyesha majani ya chini.

Kitambaa nikieleze vizuri maana kinaonewa. Milimani Alps kinafanya kazi nzuri sana. Andermatt, Uswisi, walianza kufunika sehemu ya barafu ya Gurschen 2005, na Presena kule Italia walifunika eneo kubwa miaka mingi mfululizo. Kinapunguza kuyeyuka kwa nusu mpaka theluthi mbili hivi. Sababu ni kwamba kule juu hewa ni baridi na jua ni kali, joto kubwa linakuja kwa mwanga, na kitambaa cheupe kinaurudisha mwanga. Huku kwetu bondeni hewa yenyewe ni ya joto, na kitambaa chembamba hakina cha kuizuia hewa. Halafu baada ya muda kinachafuka na chavua na vumbi na weupe unapungua. Mtu anaona picha za Alps, milima imevishwa shuka nyeupe safi, anaagiza. Aangalie kwanza kimo cha mahali pake.

Mdogo wangu yuko Moshi, nilipokuwa namweleza haya akaniuliza, kaka, sasa si mje mfunike na Kibo? Alikuwa anauliza kwa dhati na mimi nilimjibu kwa dhati. Kibo asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwepo 1912 lilikuwa limekwisha kufikia 2007. Kule juu wastani wa joto ni chini ya sifuri, kama nyuzi 7 chini, kwa hiyo hewa ya joto siyo adui mkuu. Adui ni jua linalopiga zile kuta za barafu, na ukavu, barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na theluji mpya haitoshi kuziba pengo. Ukifuata swali la yule mzee, joto linatoka wapi, jibu la Kibo ni kitambaa cheupe, maranda yangepeperuka siku ya kwanza. Na kweli wazo la kuzivisha zile kuta shuka jeupe lilishawahi kutolewa hadharani miaka ya 2000 mwanzoni. Lakini kupandisha vitambaa karibu mita 5,900, kwenye upepo ule, ndani ya hifadhi ya taifa, kuvikagua na kuvibadilisha miaka yote, na barafu hailishwi na theluji mpya ya kutosha, hapana, nilimwambia ukweli kwamba ungechelewesha vipande vichache tu. Iliniuma kumwambia hivyo. Sisi watoto wa Kilimanjaro ile nyeupe ya juu tumeiona tangu tunajua kuona.

Turudi kwenye foomu. Hii ndo inayouzwa kwa nguvu sasa hivi, mikeka ya mbao za foomu za sentimita kadhaa, kampuni ya Ufini ya Snow Secure ndo inajulikana zaidi, Levi na Ruka wanatumia na mteremko wa Ruka unafunguliwa mapema sana, Oktoba. Foomu ngumu kwa unene uleule inazuia joto kama mara mbili ya maranda makavu, na tofauti inakuwa kubwa zaidi maranda yakilowa. Haiozi, hailowi, unaikunja Oktoba na kuiweka, theluji inatoka safi. Hasara ni bei ya mwanzo, hiyo kwa klabu ya kijiji inatisha, na kingine ambacho sikukiona kwenye brosha yoyote ila nilikiona kwenye vile vipande vyetu: rundo linashuka bila usawa. Upande mmoja unazama, mbao ngumu inabaki imening'inia, chini yake kunakuwa na pango, na hewa ya joto ikipata njia ya kuingia kwenye pango hilo unene wa foomu hausaidii tena. Kwa hiyo mtu akikuuzia foomu usimuulize sana unene, muulize maungio yanafuataje rundo likizama, na kingo za chini zinafungwaje na upepo.

Maranda hayana tatizo hilo. Theluji ikishuka nayo yanashuka, yanajaza. Ila yanakimbia kileleni. Kila rundo tulilofunika, juu ya mgongo na upande wa kusini maranda yanapungua na chini yanajaa, kwa hiyo zamu za wiki kwa wiki ni lazima, mtu apande na fimbo yenye alama achome achome aone unene. Tukiona sentimita 25 mahali palipotakiwa 40 tunaita watu. Mteremko wa rundo nao uwe wa pole, ukiwa mkali hakuna maranda yatakayokaa.

Chenga je? Kuna mfano mkubwa hapa Uswidi kwenyewe na nilienda kuuona kwa macho, hospitali ya Sundsvall. Tangu 2000 wanapoza hospitali kwa theluji. Wana bonde la mita 140 kwa 60 linalobeba kama mita za ujazo 60,000, theluji inatoka barabarani pamoja na ya mizinga, wanaifunika na chenga sentimita 20 hivi, na maji ya kuyeyuka yanapitishwa kwenye mitambo ya kubadilishana joto ili kupoza jengo, halafu yanarudi kwenye rundo. Ona sasa, kule wanataka theluji iyeyuke, ila polepole na kwa kazi, kwa hiyo funiko lao halihitaji kuwa la mwisho kabisa, linahitaji kuwa rahisi na la bei nafuu. Chenga zinapitisha hewa zaidi kuliko maranda, zinapeperuka kidogo, zinadumu, ni nzuri kuondoa. Lakini unene kwa unene mimi bado nachagua maranda, matundu yake ni madogo hewa haizunguki ndani.

Sasa sehemu ambayo hakuna anayeifikiria Machi ni Oktoba, siku ya kufunua. Maranda ya juu kijiko kinayaondoa haraka. Zile sentimita chache za mwisho zimegandana na theluji, ukikwangua sana unapoteza theluji, ukikwangua kidogo njia inakuwa ya kahawia. Theluji ya kahawia inanyonya jua, na vumbi la mbao linashika kwenye nta ya chini ya skii, watoto wanalalamika hawatelezi, na wana haki. Kuna waliotaka tutandike kitambaa katikati ya theluji na maranda. Tulijaribu sehemu moja. Kiligandia kwenye theluji, meno ya kijiko yakakirarua, tukatumia nguvu zaidi kuokota matambara kuliko kukwangua. Kilichotusaidia ni kungoja asubuhi ya baridi ambayo ganda la chini la maranda limekuwa gumu, linatoka kwa mapande, na kutumia ndoo pana isiyo na meno. Mwendeshaji awe na subira. Kazi hii siwapi vijana wanaopenda kasi.

Halafu hela. Zamani kiwanda cha mbao kilikuwa kinashukuru ukiondoa maranda. Siku hizi viwanda vya kutengeneza peleti za kuchomea majumbani vinanunua yote, bei imepanda na kuna msimu hupati kabisa. Rundo letu lenye uso wa mita za mraba kama 1,200 kwa unene wa sentimita 40 linataka mita za ujazo karibu 500. Siyo mchezo. Na maranda hayadumu milele, kila mwaka yanakuwa meusi zaidi, yanasagika, yanaoza, yanakuwa udongo unaoshika maji badala ya hewa. Mapya yana rangi ya maziwa yanarudisha mwanga, ya zamani yanaunyonya. Sisi tunaweka ya zamani chini, mapya juu, na ya zamani kupita kiasi anachukua mkulima mmoja. Yakikaa wakati wa baridi tunayatandaza chini chini, ukiyalundika juu sana yanachemka katikati kama mboji inavyochemka, na hayo ukiyarudisha Machi yakiwa na joto umeanza vibaya.

Kwa hiyo tulibaki na maranda sentimita 40. Yanapatikana karibu, hewa yetu inaruhusu yakauke, tuna mikono ya kuyakagua, na hatuna mtaji wa foomu. Ningekuwa klabu iliyo mbali na kiwanda cha mbao, au yenye watu wachache wa zamu kiangazi, ningekopa ninunue foomu bila kusita, maana lori la maranda kilomita 200 kila baada ya miaka michache nalo ni hela. Ningekuwa pwani yenye ukungu ningefikiria tabaka kama za Vermont. Na ningekuwa juu mlimani, kitambaa.

Jambo jingine ambalo lilitupa theluji nyingi kwa hela kidogo halikuwa funiko lenyewe, ni kuhamisha rundo. Mwanzo lilikuwa wazi karibu na maegesho. Tukalipeleka nyuma ya misonobari mirefu, upande wa kaskazini wa kilima, juu ya kokoto yenye mwinuko kidogo ili maji yatoke, na mtaro kuzunguka. Jua la Juni huku linazunguka karibu anga yote na usiku hauwi giza kamili, kwa hiyo kivuli cha mchana tu hakitoshi, angalia pia jua la saa tatu usiku linapiga wapi. Sisi lilikuwa linapiga ubavu wa kaskazini magharibi ambao wote tuliuhesabu kuwa salama, tukauongezea maranda.

Msimu ujao tumekubaliana hivi: mgongo na upande wa kusini tunapandisha mpaka sentimita 50, kaskazini tunaacha 40, na tumepata mikeka ya foomu michache iliyotumika tutaifunga kwenye kingo za chini upande unaopokea upepo, hapo ndo maranda yanapokwanguliwa kila mwaka. Vipimajoto tunaviweka vitatu, juu ya maranda, katikati, na pale maranda yanapogusana na theluji, tutaandika kila zamu. Kama kuna ndugu aliyeko Kajaani, Tromsø au Calgary anafanya kazi hii na ana vipimo vyake vya foomu kwenye kingo, naomba tubadilishane kabla ya Machi, kabla kijiko hakijaanza kufunika.